Mitaro na mabwawa ya mgodi uliofungwa: anza na maji ya juu

Mtu akipewa kazi ya kupanga mitaro ya mgodi unaofukiwa na kupandwa upya, mara nyingi mchoro wake wa kwanza ni bwawa la kunasa mashapo, yaani tope na mchanga unaobebwa na maji. Mimi bwawa nalichora mwisho. Maji safi yakishaingia kwenye kifusi, yaani udongo na mawe yaliyochimbuliwa mgodini, yanageuka tope, na tope hilo utalizoa kwa miaka. Kwa hiyo panda juu kabisa, kwenye ardhi ambayo haikuguswa, utafute maji yanapoingilia. Yachimbie mtaro wa kuyakinga, uyapitishe pembeni hadi kwenye kijito bila kukutana na maji ya mgodi.

Hesabu yenyewe, kwa eneo dogo, haina makuu. Zidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama) kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, kisha kwa ukubwa wa eneo kwa hekta. Gawanya kwa 360, utapata mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 12, mvua ya milimita 80 kwa saa, kigawo 0.6: jibu ni 1.6. Usishushe kigawo eti nyasi zitaota. Mvua kubwa haisubiri nyasi, kwa hiyo panga kana kwamba udongo uko mtupu.

Mtaro wa udongo mtupu wenye mchanga huanza kulika maji yakipita kasi ya kama mita 0.6 kwa sekunde. Nyasi zilizoshika vizuri huvumilia hadi kama 1.5. Zaidi ya hapo panga mawe, na chini yake utandike changarawe au kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo utafyonzwa kupitia mianya na mawe yatazama. Vizuizi vya mawe ndani ya mtaro vipangwe hivi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu yake. Vizuizi vya sentimita 60 kwenye mteremko wa asilimia 5 vitaachana mita 12. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa angalau sentimita 15. Kikiwa bapa, maji hupita ubavuni na kuchimba ukingo.

Sasa linalowashinda wengi: kifusi hutitia. Tuta la kontua, yaani linalofuata mstari wa kimo kimoja, lililopimwa likanyooka mwaka huu, mwakani lina bonde. Maji hukusanyika hapo, yanafurika, yanalikata tuta, kisha yanaliangukia la chini yake ambalo halikujengwa kubeba mzigo wa matuta mawili. Ndiyo maana kwenye kifusi kibichi siyapendi matuta marefu. Afadhali kulichonga rundo la kifusi lifanane na kilima cha kawaida, mteremko mkali juu na wa taratibu chini, kisha ulime kwa kufuata kontua ili maji yazame yalipoangukia. Isipokuwa kama kifusi kina pairiti, madini ya chuma na salfa: hicho hutoa asidi kikikutana na hewa na maji, kwa hiyo kifunike, uyazuie maji yasikiingie, na mawe yake yasitumike mtaroni. Mkondo mkuu, ikiwezekana, upite kwenye ardhi ya asili.

Kabla ya bwawa, kuna kipimo cha mezani. Chukua bonge kavu la udongo, dogo kama ukucha, ulitumbukize kwenye glasi ya maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, si asidi. Usitikise. Likisambaratika na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, umepona. Ukiona wingu jeupe linalizunguka bonge na kuenea sakafuni mwa glasi, huo ni mfinyanzi unaotawanyika: hautatua bwawani bila dawa ya kuugandisha, na ukijengea tuta la bwawa bila kuuchanganya na jasi au chokaa, maji yatautoboa kwa ndani.

Bwawa lenyewe hupimwa kwa eneo la uso kwanza. Punje ya milimita 0.02 hutua kwa takriban milimita 0.36 kwa sekunde, gawanya ule mtiririko wa 1.6 kwa 0.00036 (kasi hiyo kwa mita kwa sekunde), unahitaji kama mita za mraba 4,400. Punje ya 0.002 hutua polepole mara 100, yaani siku tatu kushuka mita moja tu. Urefu uwe angalau mara tatu ya upana. Utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, uchimbwe kwenye ardhi ya asili, usipite juu ya tuta la udongo wa kujaza. Simika fito yenye alama. Tope likijaza nusu ya nafasi yake, zoa.

Kuhusu kulibomoa bwawa, kanuni za migodi ya makaa ya mawe Marekani zinataka eneo liwe limetulia na uoto umeshika, na ipite si chini ya miaka miwili tangu upandaji wa mwisho. Mimi naongeza sharti moja: wakati wa mvua kubwa, pima maji yanayoingia bwawani. Yanayotoka hayakuambii kitu, yameshasafishwa na bwawa unalotaka kulibomoa.