Gemu nzito inaua kadi ya michoro? Kagua haya kwanza

Julai 2021, majaribio ya gemu ya New World yalipoanza, baadhi ya kadi za michoro za RTX 3090 zilizotengenezwa na kampuni ya EVGA zilikufa. Menyu yake haikuwa na kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), kadi ikachora bila kupumzika. EVGA ilipozipiga eksirei ilikuta lehemu mbovu kwenye mosfeti, vipande vinavyodhibiti umeme wa kadi. Gemu iliufichua ubovu, haikuutengeneza. Kadi isiyo na ubovu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Hata hivyo usiiache ikimbie ovyo. Kwenye mipangilio ya kadi weka kikomo cha fremu kulingana na skrini: ikiwa ni ya hezi 60 (huonyesha picha 60 kwa sekunde), weka fremu 60. Cheza dakika 20 huku programu ya HWiNFO ikisoma joto la kadi. Chini ya nyuzijoto 83 ni sawa. Ikipita 90, kagua feni na vumbi. Zima, chomoa umeme, zuia feni kwa kidole ndipo upulize, maana feni ikizungushwa na upepo kwa kasi huharibika beringi.

Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya mapigano, shuku pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kabla ya kadi. Kadi yenye soketi mbili za umeme ipe nyaya mbili kutoka pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Plagi iliyogeuka kahawia usiichomeke tena kabisa.