Uzio wa Wavu kwa Bustani ya Mboga

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mtambue mnyama anayekusumbua, kwa kuwa uzio unaomzuia kuku haumzuii mbuzi, naye sungura hupita chini badala ya kuruka. Kwa sungura, tumia wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 3, uinuke sentimita 90 hivi, na ukingo wake wa chini ufukiwe sentimita 15 hadi 30 ukiwa umekunjwa kuelekea nje, ili anayechimba akutane na waya. Simika nguzo kila baada ya mita 2. Zile za kwenye pembe ziwe nene, maana ndizo zinazovutwa zaidi wavu unapokazwa. Lango ndilo husahauliwa: upenyo wa vidole vitatu chini yake humtosha mtoto wa sungura.