Somo: Umempiga risasi mvamizi nyumbani kwako Texas. Saa za kwanza ufanye nini?

Ndugu zangu mlioko Texas, mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Nimeona kesi ikiwa nzito kwa sababu ya neno moja lililotamkwa kwa hofu usiku ule. Ndiyo maana naandika.

1. Anayekimbia mwache akimbie. Kusanya familia chumba kimoja.

2. Piga 911 mwenyewe. Taja anwani, sema mtu amevunja mlango akaingia, amepigwa risasi, waje polisi na gari la wagonjwa. Eleza umevaa nini. Kiingereza kikigoma, omba mkalimani wa Kiswahili. Ukishamaliza hayo, usianze kusimulia, maana simu inarekodiwa na inaweza kuchezwa mahakamani. Sisi husema "nilitaka kumpiga mwanangu" tukimaanisha nusura risasi impate. Igeuze kwa Kiingereza cha haraka uone inavyosikika: baba alikusudia kumpiga mtoto wake!

3. Kabla polisi hawajaingia, weka silaha chini, mikono iwe mitupu na ionekane. Hawajui mwenye nyumba ni nani. Unaweza kufungwa pingu, bastola ikachukuliwa, mikono ikapigwa picha. Usibishane nao.

4. Usiguse kitu. Vijiweni wanafundishana kwamba akiangukia barazani, mvute ndani, mwekee kisu mkononi. Jamani, msithubutu! Damu huacha mburuzo, maganda ya risasi hubaki yalipodondokea. Texas, kuvuruga ushahidi ni kosa kubwa, na ukihamisha maiti ili kuficha ukweli, kifungo ni kati ya miaka 2 na 20. Mtu aliyekuwa na haki yake anajitengenezea jinai kwa mikono yake.

5. Nyamaza, lakini utamke kwamba unanyamaza. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika kesi ya Salinas iliyoanzia Houston, mtu alijibu maswali ya polisi kwa hiari, akafika swali kama maganda ya risasi yanalingana na bunduki yake, akakaa kimya. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kimya kile kitumike dhidi yake, kwa kuwa hakusema anatumia haki yake. Na "labda niongee na wakili" hakutoshi, mahakama hiyo iliamua hivyo mwaka 1994. Sema moja kwa moja: "Natumia haki yangu ya kunyamaza. Nataka wakili." Kisha usirudi kupiga soga, hata na askari mpole aliyekuletea maji.

6. Usitume sauti WhatsApp. Shangazi Dar atapiga simu, mwambie tu mko wazima.

Sheria ya Texas, tangu Septemba 2007, inakulinda vizuri mtu akiingia kwako kwa nguvu nawe hukumchokoza wala hukuwa kwenye uhalifu: hulazimiki kukimbia kwanza. Hata hivyo faili linaweza kufika mbele ya jopo la raia 12, na 9 wakikubali, unashtakiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, nisipoongea si wataniona muuaji?
Jibu: Huenda askari mmoja akakukunjia uso. Vumilia. Maelezo utayatoa, ila umelala, umetulia, na wakili yuko pembeni.

Swali: Mimi niko na viza ya mwanafunzi, bastola ni ya mwenzangu wa chumbani.
Jibu: Mdogo wangu, sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda kumiliki silaha, isipokuwa wachache, kama wenye leseni halali ya uwindaji. Mwambie wakili hali yako ya uhamiaji siku ya kwanza. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla, 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza kama kukiri kosa kutakufukuzisha nchini.

Swali: Ndugu wa marehemu wanaweza kunidai fidia?
Jibu: Kufungua kesi wanaweza. Ikithibitika ulitumia nguvu kihalali, sheria ya Texas inakukinga usilipe.

Swali: Nani anasafisha damu? Wanangu wanaogopa kupita sebuleni.
Jibu: Pole sana, mama. Polisi hawasafishi. Wakishaikabidhi nyumba, uliza bima yako kama inalipia kampuni za kazi hiyo. Usipige deki mwenyewe, na watoto wasikuone ukifanya hivyo. Wapeleke kwa jamaa walale huko, na mwalimu wao ajue.