Kujijenga Upya Uraiani Baada ya Kifungo cha Miaka Mingi

Mtu aliyetumikia kifungo kirefu hutambulika mlangoni. Hufika, husimama, hungoja. Kitasa kiko mbele ya mkono wake na mlango haujafungwa, lakini kwa miaka 15 au 20 kila mlango aliopita ulifunguliwa na askari, na mwili wake bado unasikilizia mlio wa funguo. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa kuwa kitu ambacho gereza hukidhoofisha kuliko vyote ni mazoea ya kujiamulia, nayo hayarudi siku ile ile unapokabidhiwa nguo zako na kuambiwa uende.

Kabla ya yote, linda uhai wako katika wiki za mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiwahusu watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington nchini Marekani, uligundua kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hizo hupoteza uwezo wa kuzihimili, kwa hiyo kiasi ulichokizoea zamani sasa kinaweza kukuua. Ikiwa uliwahi kutumia, mweleze mhudumu wa afya mapema, na usizipitishe siku hizo peke yako. Ikiwa unameza dawa za VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za shinikizo la damu, ondoka na barua ya zahanati ya gereza, kisha uandikishwe katika kituo kipya kabla ya vidonge kuisha. Sherehe ya kukupokea inaweza kusubiri.

Vitambulisho vifuatiliwe ukiwa bado ndani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinataka anayeachiwa asaidiwe kupata nyaraka, makazi na kazi. Kuomba hayo si kuomba hisani.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ya kujifunza kuamua huanza, nayo ianze na mambo madogo mno. Chukua daftari, na kila asubuhi andika mambo matatu utakayoamua wewe mwenyewe siku hiyo: utaoga saa ngapi, utapita njia ipi, utavaa shati lipi. Watu wa nje wanaweza kucheka, lakini wao hawajawahi kusimama mbele ya rafu yenye sabuni za aina 12 wakahisi jasho likiwatoka mgongoni. Nenda dukani saa ambayo watu ni wachache, ukiwa umekusudia kununua kitu kimoja. Ukizidiwa, toka nje, vuta pumzi, urudi kesho. Ukijikuta umeamka saa ya kuhesabiwa, usipigane na mwili wako. Ratiba ya gereza inaweza kukushikilia kwa muda mradi uwe unaibadilisha kidogo kidogo. Mandela, aliyefungwa miaka 27 na kuachiwa tarehe 11 Februari 1990, alijijengea nyumba kijijini Qunu kwa kufuata ramani ya nyumba aliyokalishwa katika gereza la Victor Verster, kwa kuwa alikwisha kuizoea na hakutaka kuhangaika usiku akitafuta jiko. Sioni udhaifu wowote katika hilo.

Kwa aliyewekwa katika selo ya peke yake, safari ni ndefu zaidi. Kanuni hizo hizo zinahesabu upweke wa saa 22 au zaidi kwa siku, ukipita siku 15 mfululizo, kuwa upweke wa muda mrefu, na zinaukataza. Usipoweza kukaa katikati ya watu, ukishtuka kila kinapoanguka kitu, au jinamizi lisipokuachia usingizi, mtafute mshauri wa afya ya akili; na likikujia wazo la kujiua, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulisahau, nalo ni misiba iliyokupita. Ukiwa ndani uliletewa habari kwamba mama amefariki, ukarudi kwenye foleni ya chakula, kwa sababu selo yenye watu wengi si mahali pa kulia. Kilio hicho bado unacho. Nenda kaburini, omba usimuliwe siku za mwisho zilikuwaje, ulie kwa kuchelewa. Walio hai nao wana madai yao: mtoto uliyemwacha na miaka 4 sasa ana 19, na hawezi kupokea amri za mzazi ambaye hajamzoea. Muulize mambo yake, umsikilize, na umwache yeye apime umbali. Kama ulimdhuru mtu, usimwendee mlangoni kwake kuomba radhi. Tumia mpatanishi, na ukubali akikataa.

Kuhusu kusudi la maisha, usiharakishwe. Wengi watakutaka ugeuke mhubiri au mzungumzaji wa kusimulia mateso yako majukwaani, na wapo wanaopona kwa njia hiyo, lakini simulizi ni mali yako. Iandae kwa namna mbili: sentensi mbili za ukweli kwa mwajiri, na simulizi kamili kwa watu wachache unaowaamini, yanayobaki si lazima yasemwe. Kisha kumbuka ulichokuwa ukiwafanyia wenzako kule ndani, kwa kuwa aliyewaandikia rufaa, aliyewashonea nguo au aliyewauguza usiku tayari alikuwa na kazi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Chagua jukumu moja la namna hiyo, linalomfanya mtu fulani akungoje saa fulani, hata kama ni kumsindikiza mtoto wa jirani shuleni mara mbili kwa wiki. Siku utakayoshindwa kutoka kitandani, piga simu mapema umjulishe anayekungoja, na useme ni lini utakwenda.