Pazia kwenye nyumba ya kupanga Uingereza: gundi inashika rangi, rangi haishiki ukuta

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela. Mwongozo huu ni wa ndugu aliyekabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga Uingereza, dirisha liko uchi, na mkataba unasema asitoboe ukuta. Kila atakayemuuliza atamwambia: nunua ndoano za gundi, hazina madhara, zinabanduka bila alama. Hapo ndipo pesa ya amana inapoishia, ile anayoshikiliwa mpangaji ili akatwe akiharibu nyumba. Mwongozo umeandikwa na watu waliokwisha kukatwa, kwa hiyo vumilia tukirudia neno moja mara nyingi.

Nyumbani unajua utaratibu. Unalipa kodi ya miezi sita, dalali anachukua chake, unahamia. Ukutani unakuta misumari ya mpangaji aliyepita, nawe unaongeza wa kwako wa kutundikia kalenda. Siku ya kuondoka mwenye nyumba anauliza kama umeacha deni la maji. Huku, siku ya kwanza kuna ripoti yenye picha za kila ukuta, na siku ya mwisho mtu anapita na ripoti ile ile mkononi. Kwa England, sheria ya mwaka 2019 inazuia amana isizidi kodi ya wiki tano pale ambapo kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Uskoti wana sheria yao. Wiki tano ni pesa nyingi kwa ajili ya kipande cha rangi kinachotosha kiganja.

Na Mwingereza hafoki. Mama mwenye nyumba wa Soweto pale Mbeya akiona umeharibu atakusema hadi majirani watoke nje, halafu yanaisha. Huyu wa huku atatabasamu mlangoni, atakutakia safari njema, na wiki moja baadaye barua pepe inaingia ikiwa na picha na bei. Usimhukumu kwa tabasamu.

Sasa mtego wenyewe. Pakiti ya ndoano imeandikwa uzito zinaobeba, na uzito ule ni wa kweli. Kinachodanganya ni ukuta. Nyumba nyingi za kupangisha hupakwa rangi ya bei nafuu isiyong'aa, haraka haraka, kati ya mpangaji mmoja kutoka na mwingine kuingia. Plasta mpya inanyonya sana maji, na koti la kwanza la rangi linatakiwa lizimuliwe kwa maji ili lizame ndani. Fundi akiruka hatua hiyo, rangi inakaa juu ya plasta kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Ukiitazama ni nzuri kabisa. Ukibandika gundi, gundi inaishika rangi barabara. Siku ya kubandua, hata ukifuata maelekezo, gundi inaondoka na rangi, na chini yake unaona plasta ya waridi inakuangalia. Gundi haikukosea kitu. Rangi ndiyo haikushika ukuta.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata ndoano moja, pima ukuta. Kata selotepu ya sentimita kumi, ibandike nyuma ya mlango au mahali kabati litakapokaa, isugue kwa kidole gumba, iache hadi asubuhi, kisha ivute. Ikitoka na ganda la rangi, au upande wa gundi ukawa na unga mweupe kama chaki, ukuta huo haufai gundi ya aina yoyote. Usijifariji kwamba wewe utabandua taratibu. Ukuta wenye karatasi ya urembo usiupime kabisa, karatasi itachanika. Ukuta wa matofali wazi au wenye uso wa kukwaruza nao gundi haiukamati.

Kama selotepu imetoka safi, unaweza kuendelea. Futa mahali pa kubandika kwa alkoholi ya isopropili, sio kwa sabuni ya kusafishia nyumba, maana inaacha utelezi. Acha pakauke. Bandika, kandamiza kwa nguvu sekunde 30, kisha subiri angalau saa moja kabla ya kutundika kitu. Rangi mpya ipewe siku saba kwanza. Wakati wa kubandua, shika ulimi wa gundi, ile ncha inayochungulia chini ya ndoano, uuvute kuelekea chini, ukiwa umelala sambamba na ukuta, polepole, unarefuka kama mpira wa manati hadi uachie wenyewe. Ukiuvuta kuja kifuani kwako umeng'oa rangi. Tunarudia: chini, sio kifuani.

Halafu kuna hesabu ya uzito ambayo wengi wanakosea. Ndoano imeandikwa kilo 2.2. Una mbili, unasema nina kilo nne na ushee. Hapana. Pazia moja likivutwa lote upande mmoja asubuhi, karibu uzito wote unahamia ndoano moja. Tena fimbo ya pazia haigusi ukuta, imetokeza sentimita saba au nane, na urefu huo unafanya kazi ya wenzo: unavuta ukingo wa juu wa gundi utoke ukutani. Ongeza mtoto anayejificha nyuma ya pazia. Chukua nusu ya kilichoandikwa na utumie mapazia mawili yanayofunguka huku na huku.

Uzito wa pazia unaujuaje? Kwa ile mizani ya mkono unayopimia begi la ndege. Au piga hesabu: kitambaa cha gramu 250 kwa mita ya mraba, mapazia mawili, kila moja mita 1.4 kwa 2.2, ni mita za mraba 6.16, yaani kama kilo moja na nusu. Weka bitana ya gramu 120, umefika kilo 2.3 kabla hujahesabu fimbo.

Hapa ndipo tunapowageukia mama zetu wadogo na mashangazi wa Mwanjelwa na Mafinga, kwa heshima zote. Mama mdogo, tunashukuru kwa mapazia ya mahameli yenye bitana, marinda na shada za pembeni. Fundi cherehani kafanya kazi. Lakini kule kwako pazia linaning'inia kwenye bomba lililofungwa na skurubu ndani ya tofali la kuchoma, na likilegea kuna nondo za dirisha za kufungia waya. Huku hakuna nondo, na ukuta mwingine ukiugonga unaita kama debe, kwa sababu ni jipsamu ile ile unayoiona kwenye dari za nyumba mpya. Tuma kitenge. Dirisha la upana wa sentimita 120 na kimo cha 130 linataka vipande viwili vya mita moja na nusu, pamoja na pindo na mkunjo wa sentimita sita wa kupitishia fimbo. Pisi moja ya yadi sita inatosha na inabaki. Dirisha zima linacheza kwenye nusu kilo, na begi la kilo 23 halilalamiki.

Kitenge peke yake hakizuii mwanga, na hilo lisikushangaze mwezi wa Juni. London jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu usiku bado kuna mwanga wa kusoma gazeti. Mtoto hakuelewi ukimwambia ni usiku. Tia bitana nyembamba nyeusi chumba cha kulala tu. Wenyeji wao wengine wanaacha mapazia wazi usiku, taa zinawaka, unapita barabarani unawaona wanakula kama uko sinema. Kwetu giza likiingia pazia linafungwa, na hatuoni sababu ya kubadilika.

Njia tunayoipendekeza ni fimbo ya kubana, ile yenye bomba moja ndani ya jingine na springi au uzi wa skurubu wa kuzungusha, na raba kwenye ncha mbili. Inakaa ndani ya uwazi wa dirisha, ukuta kwa ukuta, bila gundi wala tundu. Pima upana wa uwazi sehemu tatu, juu, katikati na chini, kwani kuta hazijanyooka. Irefushe izidi upana kwa sentimita mbili hivi, ibane ndani kwa mikono miwili, ilaze sawa. Ukizidisha kuizungusha, kwenye jipsamu raba inadidimia na kuacha kishimo cha duara. Ikiwa legevu inateleza na kukwaruza rangi mstari mrefu, na mstari huo ni ghali kuliko kishimo. Weka kipande cha mbao nyembamba, sentimita tano kwa tano, kati ya raba na ukuta. Kinatawanya nguvu na kinazuia raba nyeusi isiache doa, maana raba ikikaa miezi mingi kwenye rangi nyeupe inaacha alama isiyofutika kwa sabuni. Mbao izungushie kitambaa cha fulana ya zamani.

Kadiri fimbo inavyorefuka ndivyo inavyobeba kidogo. Zaidi ya mita moja na nusu inapinda katikati na ncha zinaanza kuteleza. Kwa dirisha pana tafuta nguzo za kubana sakafu na dari, mbili, na fimbo katikati yake. Angalia tu ncha ya juu ikae chini ya boriti. Gonga dari: penye sauti nzito ndipo penyewe.

Fremu ya plastiki nyeupe ya dirisha ni rafiki wa gundi, kwa sababu ni laini na haina rangi ya kubanduka. Ndoano ndogo mbili na waya wa pazia unabeba pazia jepesi la wavu bila shida. Usiitoboe fremu kamwe. Ndani yake kuna njia za kutolea maji, na karibu yake kuna kioo cha tabaka mbili kilichozibwa kisipitishe hewa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tazama juu ya dirisha. Mara nyingi matundu ya mpangaji wa zamani yapo, fisha, vile vya plastiki vya kushikia skurubu, ziko ndani, zimepakwa rangi juu. Zipige picha, mwandikie wakala anayesimamia nyumba: dirisha la chumba fulani lina matundu manne ya zamani, naomba kuyatumia kufunga bomba la pazia, nitaliacha au nitaliondoa mtakavyo. Akikubali, jibu lake lihifadhi. Kibali cha mdomo cha yule kijana mchangamfu wa ofisini hakina thamani, mwaka ujao hayupo. Na ukiruhusiwa kutoboa, ukakuta drili inagoma juu ya dirisha, umekutana na linta ya zege. Tumia drili ya kugonga na keekee ya zege, usiongeze tundu pembeni kwa hasira.

Kuna balaa la pili ambalo mtu wa Makete au Njombe halitegemei, kwa vile anadhani baridi anaijua. Kule kwetu nyumba zina matundu ya hewa juu ya dirisha. Huku nyumba imezibwa. Pazia zito likikaa karibu na kioo usiku wa Januari, mvuke wa kupikia na wa kupumua unageuka matone kwenye kioo, unachuruzika, na ndani ya wiki chache kuna ukungu mweusi kwenye pembe. Utaambiwa umesababishwa na unavyoishi. Acha sentimita tano hadi nane kati ya kitambaa na kioo, fungua mapazia kila asubuhi, futa maji, na vile vitundu vyembamba juu ya fremu usivifunge. Hita ikiwa chini ya dirisha, pazia liishie kwenye kizingiti, usiifunike, vinginevyo unapasha moto kioo.

Kama rangi imeshabanduka, usikimbilie dukani siku ya mwisho kununua nyeupe. Nyeupe ziko nyingi, na ukuta wa miaka mitatu umeshabadilika. Baka jipya linaonekana kuliko jeraha. Piga msasa kingo, jaza puti kidogo, acha ikauke, msasa tena, kisha pakaza koti la kwanza lililozimuliwa kwa maji, lile fundi aliloliruka. Rangi muulize wakala jina lake, na upake ukuta wote kona hadi kona kwa rola.

Wakikukata na huoni haki, usilipe kwa aibu. Amana England lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30 tangu uilipe, na mpango huo una usuluhishi wa bure. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuthibitisha, kwa kuwa pesa ni yako. Uchakavu wa kawaida haulipwi, na hawezi kudai bei ya ukuta mpya kwa rangi iliyozeeka. Msuluhishi haji nyumbani, anasoma makaratasi na picha tu. Kwa hiyo siku ya kuhamia piga picha pembe zote nne za kila dirisha, na ile selotepu yenye ganda la rangi usiitupe. Ipige picha ikiwa imelala kando ya ripoti, tarehe ionekane, na umtumie wakala siku hiyo hiyo.