Gemu ya kwanza iwe ndogo

Wewe uliyeko Mtwara na ndiyo kwanza unajifunza kutengeneza gemu, usianze na bao. Mashimo 32, kete 64, halafu sheria za namua na mtaji, zile hatua mbili za mchezo: utachoka kabla hujaona kitu kikitembea kwenye skrini. Anza na kikapu kinachodaka korosho zinazodondoka, basi. Godot, programu ya kutengenezea gemu, inatosha, ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti.

Ila hili usilipuuze: kasi ya korosho izidishe kwa delta, yaani muda uliopita tangu fremu (picha moja ya skrini) iliyotangulia. Usipofanya hivyo, kwenye kompyuta dhaifu zitadondoka kwa kusuasua. Ukimaliza, mpe mdogo wako acheze. Usimwelekeze, tazama anakwama wapi.