Kuchagua kikosi cha taifa cha raga: anza na mstari wa mbele

Ukichukua daftari ukaorodhesha wachezaji 26 bora nchini, wa kwanza mpaka wa mwisho, utapata majina mazuri na timu itakayokwama mechi ya pili. Kikosi cha mashindano hujengwa kwa swali lingine: fulani akitolewa kwa machela, nani anaingia? Swali hilo huanzia mstari wa mbele wa skramu (pale wanane wa kila upande wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira), yaani propu wa kushoto (namba 1), huka (namba 2) na propu wa kulia (namba 3). Winga akiumia, senta anasogea pembeni na mechi inaendelea. Propu akiumia, huwezi kumwingiza yeyote mwenye kilo 115. Sheria inataka mtu aliyefunzwa kazi hiyo, kwa sababu msukumo wa watu wanane wa kila upande unapita shingoni na mabegani mwake.

Hesabu ya sheria iko hivi. Ukiandikisha wachezaji 23 kwa mechi, 6 kati yao lazima wawe wa mstari wa mbele, ili kila nafasi ya zile tatu iwe na mbadala mara ya kwanza mchezaji wake anapotoka. Ukiandikisha 19 hadi 22, wanatosha 5. Kwa hiyo kocha mwenye watu watano tu wa mbele hawezi kujaza benchi lake hata kama ana mabeki (wachezaji wa nyuma ya skramu) kumi hodari wanaosubiri. Mbaya zaidi ni kuishiwa katikati ya mechi. Skramu zinageuka za kutosukumana, na kwa vikosi vya 23 yule aliyesababisha hali hiyo habadilishwi. Mnabaki 14 uwanjani, na bado wanane wanatakiwa waingie kwenye skramu, kwa hiyo pengo linakwenda kwa mabeki.

Mfano mzuri ni Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa. Huka Malcolm Marx alipoumia, nafasi yake kikosini ilijazwa na Handré Pollard, ambaye ni flai-hafu, beki wa namba 10 anayeongoza mchezo na mateke. Kwenye fainali dhidi ya New Zealand, huka Bongi Mbonambi akatoka dakika za mwanzo kabisa, na Deon Fourie akaibeba kazi hiyo karibu mechi nzima. Laini-auti yao (mpira unaorushwa na huka kutoka pembeni na kurukiwa na mistari miwili) iliyumba, lakini walishinda 12–11, pointi zote zikitoka mguuni mwa Pollard. Wengi hulitaja hilo kama ushahidi kwamba bahati nasibu hulipa. Haikuwa bahati nasibu: Fourie alikuwa amecheza huka miaka mingi kabla ya kuhamia flanka, ubavuni mwa skramu. Kama huna mtu wa aina hiyo, usiige.

Kwa kikosi cha watu 26 mgao unaofanya kazi ni huu: propu 5, huka 3, loki (wasukumaji wa safu ya pili) 4, flanka na namba nane (safu ya nyuma ya skramu) 4, skramu-hafu (anayeingiza na kutoa mpira wa skramu) 2, flai-hafu 2, senta 3, na watatu wa nyuma (mawinga na fulubeki) 3. Angalau propu mmoja awe anacheza kushoto na kulia, na awe amefanya hivyo kwenye mechi, siyo kwa maneno ya kocha wake wa klabu. Kazi hizo mbili hazifanani. Namba 3 anabanwa na wapinzani wawili, kichwa chake kikiwa katikati yao. Namba 1 ana upande mmoja ulio wazi. Kati ya loki wanne, mmoja awe na miguu ya kucheza namba 6, yaani flanka. Flai-hafu wa pili aweze kusimama fulubeki, na senta wa tatu aweze kukimbia pembeni. Mtafute pia beki mmoja anayeweza kushika skramu-hafu dakika 20 bila kuaibika, maana skramu-hafu wako wawili wakiumia wiki moja hakuna sheria itakayokuokoa.

Idadi ya wanaosafiri hupangwa na waandaaji. Isome kwanza, halafu punguza kuanzia nyuma ya uwanja, usiguse mbele.

Nani aitwe kambini

Ita 48. Hiyo ni timu tatu kamili za watu 15, pamoja na propu wawili na huka mmoja wa ziada. Kwa nafasi: propu 8, huka 4, loki 6, safu ya nyuma ya skramu 9, skramu-hafu 3, flai-hafu 3, senta 6, watatu wa nyuma 9. Timu tatu zinakupa mechi tatu, kila moja ikicheza na nyingine, na timu ya tatu inapumzika huku ikipimwa.

Wachezaji wengi watatoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na Dodoma iko mahali pazuri kwa wote: treni ya SGR kutoka Dar, basi kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa. Usipime mbio siku ya kuwasili. Mtu aliyeshuka basi jioni miguu imevimba, na mji huu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyezoea Dar tofauti ni ndogo, lakini kwenye mbio za dakika tano inaonekana.

Panga kambi kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imekwisha na asubuhi ikiwa na ubaridi. Tazama kwanza ratiba ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), la sivyo nusu ya walimu wa michezo unaowahitaji watakuwa huko. Uwanja wa Jamhuri una shughuli za soka, kwa hiyo omba mapema, au zungumza na vyuo. UDOM, Mipango na St John's vyote viko mjini, na ukipata mabweni wakati wa likizo umepunguza gharama kubwa kuliko zote.

Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unatosha. Toa mita 6 kila mwisho ziwe eneo la trai (ambako mpira huwekwa chini kupata pointi), zinabaki 93 za kuchezea: pungufu kidogo ya mita 94 za chini kabisa kisheria, lakini kwa mchujo si neno. Chora kwa chokaa mstari wa kati, wa mita 22, wa mita 10, na zile za mita 5 na 15 kutoka pembeni, kwa sababu bila hizo mbili za mwisho laini-auti haipimiki. Goli la soka halifai kwa mateke: lina upana wa mita 7.32 wakati la raga ni mita 5.6. Simamisha mirunda miwili kwa umbali huo, funga kamba kwa urefu wa mita 3, na mpigaji atajua ukweli wake.

Ardhi ndiyo tatizo kubwa la kiangazi. Imekauka, inachuna magoti na viwiko, na mchezaji aliyechubuka siku ya kwanza hukaba kwa woga siku ya tatu, nawe utamwandika mwoga. Mwagilia eneo la kukabia jioni ya kuamkia mazoezi. Maji ya kunywa yahesabu lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 48 na viongozi 8 hiyo ni lita 224, kwa hiyo andaa madumu 12 ya lita 20. Mipira 12, koni 60, vizibao vya rangi tatu, stopwichi 3, na kinga ya meno kwa kila mtu. Asiye na kinga ya meno asiguse mazoezi ya kukabana, hata kama ni nahodha wa klabu bingwa.

Siku nne

Siku ya kwanza ni ya nyaraka, uzito, urefu na daktari. Wenye historia ya kuzimia, maumivu ya kifua au jeraha la shingo wapelekwe hospitali kabla ya jambo lingine lolote. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapohapo.

Siku ya pili asubuhi, saa 1, pima mbio za mita 10 na 40, kisha Bronco. Weka koni mita 0, 20, 40 na 60. Mchezaji anakwenda 20 na kurudi, 40 na kurudi, 60 na kurudi. Hizo ni mita 240. Anarudia mara tano bila kupumzika, jumla mita 1,200. Beki anayevuka dakika 5 hayuko tayari kwa mashindano. Kwa propu, dakika 5 na sekunde 40 inavumilika ikiwa skramu yake ni imara. Njia ya kukimbilia ikate upepo, usiilaze kuufuata, na wote wakimbie kwenye njia zinazofanana. Upepo wa Dodoma mchana ni mkali, kwa hiyo kundi la saa 1 na kundi la saa 9 hayalinganishwi.

Mchana huohuo ndio wakati wa mateke na kurusha laini-auti, makusudi kabisa. Huka arushe mipira 10 asubuhi na 10 kwenye upepo: 3 ya mbele, 4 ya kati, 3 ya nyuma. Anayepata 8 asubuhi na 4 mchana ana mkono mzuri wa mazoezini tu. Flai-hafu apige mateke ya kuanzisha mchezo 10; mpira uvuke mita 10, utue kabla ya 15, na ukae hewani muda wa kutosha wakimbiaji wake kuufikia.

Laini-auti huhitaji lugha ya siri, na hapa timu zetu hujisahau. Ukicheza na Kenya au Uganda, kuita kwa Kiswahili ni kumpa mpinzani ramani. Tumia majina ya wilaya, kwa mfano Bahi kwa mbele, Kongwa kwa kati, Mpwapwa kwa nyuma, na ubadilishe mpangilio kila mechi. Amri za skramu, kinyume chake, zizoeshwe kwa Kiingereza, maana ndivyo mwamuzi wa kimataifa atakavyozitoa.

Siku ya tatu ni skramu, na usiiharakishe. Anza mmoja kwa mmoja, halafu watatu kwa watatu, watano kwa watano, mwisho wanane kwa wanane. Katika kila hatua angalia mgongo: uwe umenyooka, nyonga zisiwe juu ya mabega, mkono umeshika jezi na si bega la mpinzani. Mgongo ukipinda kwenye watatu, mtoe, usimpeleke kwenye wanane ukitumaini atajirekebisha. Kosa la kawaida ni kumgeuza flanka mnene kuwa propu wiki ya mchujo kwa sababu propu wamepungua. Kazi hiyo inataka miezi, si siku. Mchana, chezesha mechi ya kwanza ya dakika 40, na siku ya nne mbili zilizobaki, timu inayocheza zote mbili ikipumzika saa moja katikati.

Wachaguzi wawe watatu, wakae mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake. Kwa fowadi (wanane wa skramu) hesabu waliowakaba na waliowakosa, mara walizofika raki (msukumano juu ya mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa) kati ya watatu wa kwanza, na penalti walizosababisha. Kwa mabeki ongeza mipira ya juu waliyodaka na maamuzi ya pasi. Karatasi zikusanywe kabla ya mjadala. Mkianza kwa mazungumzo, mwenye sauti kubwa atakuwa amechagua timu peke yake, na ninyi wawili mtakuwa mashahidi.

Nyaraka, na kichwa

Mchezaji anaichezea nchi alipozaliwa, au alipozaliwa mzazi au babu au bibi yake, au kwa miezi 60 mfululizo ya kuandikishwa kuwa mchezaji wa hapo tu. Aliyekwisha kuchezea nchi nyingine anaweza kuhama mara moja tu, baada ya kukaa nje miaka mitatu, na tu kwa nchi ya kuzaliwa kwake, mzazi, babu au bibi. Muulize kila mmoja waziwazi kama amewahi kucheza kimataifa kwingine, ikiwemo raga ya wachezaji saba. Wengi hudhani hiyo haihesabiki. Cheti cha kuzaliwa cha bibi hakipatikani kwa wiki moja, kwa hiyo kianze kutafutwa siku ya mwito, si siku ya kutangaza kikosi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari.

Mechi ya mwisho ya mchujo iwe wiki nne au zaidi kabla ya mechi ya kwanza ya mashindano. Sababu ni mtikisiko wa ubongo. Anayeshukiwa anatoka palepale na harudi siku hiyo, na bila usimamizi wa kitabibu wa hali ya juu hachezi mechi kabla ya siku 21. Ukichuja zikiwa zimebaki wiki mbili, goti moja kichwani mwa huka wako linakuharibia mashindano yote.

Ukishapata 26, chagua wa akiba 5: propu, huka, loki, skramu-hafu na beki mmoja anayemudu nafasi nyingi. Hao nao wawe na pasipoti na chanjo, waendelee na mazoezi, na wajue kwamba wanaweza kupigiwa simu usiku wa manane. Walioachwa wapigiwe simu mmojammoja kabla orodha haijatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila mmoja aambiwe kitu kimoja cha kurekebisha, chenye namba: sekunde 15 kwenye Bronco, au mipira 3 zaidi ya laini-auti kwenye upepo.